Eropleni na Shamba Lako: Kazi Yake na Kazi Yako

Bwana mkulima, na wewe mama mkulima, bila shaka mmesikia ya kwamba ziko nchi ambazo eropleni ndogo hunyunyizia mashamba dawa. Huenda mmejiuliza: Mbona hapa Kikoneni haziji kutusaidia? Somo hili litawajibu, na tena litawaonyesha siku ambayo eropleni yaweza kuokoa mavuno yenu.

Kazi hii si ngeni. Ilijaribiwa kwanza huko Ohio, Marekani, tarehe 3 Agosti 1921, rubani alipomwaga dawa ya unga juu ya miti iliyokuwa ikiliwa na viwavi.

Sasa tufanye hesabu. Eropleni ikienda mwendo wa kilometa 160 kwa saa, hupita mita 44 hivi kila sekunde. Eka moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Basi eka yako itapitwa kwa sekunde moja na nusu tu! Hata shamba la eka 12 litavukwa kwa sekunde 5. Rubani akichelewa kidogo kufunga dawa, itamwangukia jirani. Tena mashamba yetu yamechanganyika: minazi mirefu, miembe, michungwa na mikorosho, mahindi na mihogo chini yake, nyumba na kisima katikati. Eropleni haiwezi kuchagua. Kazi hiyo yafaa mashamba mapana ya mamia ya eka, yasiyo na miti wala nyumba.

Kwa hiyo adui aliye ndani ya shamba lako ni kazi yako mwenyewe. Chukua mfano wa viwavijeshi vamizi, vilivyothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017. Kiwavi hiki hujificha ndani ya majani ya katikati ya mhindi. Pita shambani mara mbili kwa juma, chungulia majani, ponda mayai na viwavi kwa mkono. Vikizidi, mwulize bwana shamba dawa ifaayo, uitie kwa bomba la mgongoni.

Lakini yuko adui asiyejua mpaka wa shamba: nzige. Kundi dogo la nzige wa jangwani, la kilometa moja ya mraba, laweza kuwa na nzige milioni 40, nao hula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Huweza kuruka kilometa 100 na zaidi kwa siku. Bomba la mgongoni litafanya nini hapo? Ndiyo sababu mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki ziliungana kuanzisha shirika la kupambana na nzige wa jangwani, lenye eropleni zake. Nzige walipoingia Kenya kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba 2019, eropleni zilitumwa kuwanyunyizia dawa.

Hata hivyo, rubani peke yake hawezi. Nzige hutua jioni na kulala juu ya miti. Asubuhi jua likiwapasha joto, huruka kwenda zao. Habari ikichelewa asubuhi moja tu, eropleni itakuta miti mitupu, na nzige watakuwa wanakula mahindi ya watu wengine. Basi shikeni mambo haya:

1. Ukiona nzige wametua, peleka habari jioni ile ile kwa mzee wa kijiji, naibu wa chifu au bwana shamba. Usingoje kesho.

2. Sema mambo manne: mahali penyewe, saa waliyotua, ukubwa wa kundi, na rangi yao. Wekundu-wekundu ni vijana, nao husafiri sana. Wa manjano wamekomaa, nao wako tayari kutaga. Ukiona tunutu, yaani watoto wasio na mabawa, sema pia, kwa maana hao hawawezi kuruka na ni rahisi kuwaua.

3. Ukiambiwa dawa itanyunyizwa, funika kisima na mitungi, funga mifugo mbali, na watoto wakae ndani. Usiende kuitazama eropleni.

4. Kama una nyuki, funika mizinga usiku ule kwa magunia yaliyoloweshwa maji, kabla nyuki hawajatoka. Dawa iuayo nzige huua nyuki pia, na bila nyuki maembe na korosho hupungua.

5. Usile nzige waliokufa kwa dawa, wala usiwape kuku. Usichume mboga wala kurudisha mifugo malishoni mpaka siku utakazotajiwa na maofisa zimekwisha.

Basi msiseme, “Hili ni jambo la Serikali, siye halituhusu.” Eropleni haina macho ya kuona kila mwembe wa Kikoneni, macho hayo ni yenu. Katika mkutano wenu ujao, chagueni mtu mmoja katika kila kijiji atakayepeleka habari, na mwingine wa kushika kazi yake akiwa safarini. Kila mtu aijue namba ya simu ya bwana shamba. Fanyeni hivyo sasa, maana nzige hawapigi hodi.