Pemba kwa Baiskeli: Iache Lami

Ukipeleka baiskeli Pemba, kilima hakitakutoa jasho kama bandari. Kisiwa kizima hakina mwinuko unaofika mita 150. Unapanda kidogo, unateremka hadi kwenye bonde la mpunga, unavuka daraja dogo, unapanda tena katikati ya mikarafuu, na mwili unazoea. Kazi ni kukifikisha hicho chombo chako kisiwani bila kulizwa.

Tuyamalize ya bandarini kwanza, maana ndiyo yaliyonichefua. Dirishani niliambiwa baiskeli inaingia bure kama mzigo wa mkononi. Getini nikaambiwa hapana, hiyo ni ya kulipia. Nikalipa, nikapewa kikaratasi kisicho na muhuri. Kushuka ng'ambo ya pili, bwana mmoja aliyevaa kizibao cha njano akanidai ushuru wa chombo cha moto. Baiskeli ya kukanyaga! Tulibishana mpaka abiria wote wakaisha, naye akaondoka kimya alipoona sina haraka.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale na fremu, kisha ifunge yote kwenye magunia mawili. Ikishafungwa hivyo inakuwa mzigo kama mizigo mingine, na mzigo una dirisha lake na stakabadhi yake. Lipia hapo na uing'ang'anie stakabadhi. Mchukuzi asiiguse kabla hamjapatana bei, kwani akishaibeba hatua kumi hiyo bei anaipanga yeye. Ndani ya feri usikubali iwekwe chini ya magunia ya vitunguu, na mnyororo uupake grisi ya kutosha, maana maji ya chumvi yana kutu ya usiku mmoja. Wanaoanzia Unguja wajihadhari pia na mapapasi wanaouza tiketi mitaani, nunua ofisini. Wasio Watanzania waulizie mapema bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024.

Ushauri wa kukodi baiskeli huko huko nimeusikia sana, na siukubali. Za kukodi nilizoziona zina breki za mbele tu, na bei ya siku moja inatajwa kwa dola hata kama mteja kazaliwa Tandika. Njoo na yako. Mafundi wa kisiwani ni hodari kweli, ila vipuri vyao ni vya baiskeli za kawaida zile kubwa: mipira, spoku, mnyororo usio wa gia. Tairi za inchi 29, pedi za breki za diski na mipira yenye valvu nyembamba, beba mwenyewe. Beba na solusheni. Miiba ya upande wa mashariki haina huruma.

Gari la abiria litakusaidia siku ukichoka, lakini patana na konda kabla baiskeli haijapanda juu. Wengine hutaka nauli ya mtu mzima, wengine ya watu wawili. Mimi nadhani ya mtu mmoja ni haki, zaidi ya hapo ni ujanja. Kaifunge mwenyewe, upande wenye gia uwe juu.

Sasa njia. Watu wengi wakishuka Mkoani huifuata barabara kuu hadi Chake Chake, wakila moshi na honi, kisha husema Pemba ni vumbi tu. Barabara kuu iachie magari. Uzuri wa Pemba uko kwenye vijia vinavyotoka ubavuni mwake kwenda vijijini, na utamu wake ni kuvuka kutoka magharibi kwenda mashariki. Magharibi udongo ni mwekundu, wa kina, vilima vimefuatana na mikarafuu imesongamana. Ukienda mashariki ardhi inalala, miti inapungua, jiwe la matumbawe linachomoza, na upepo wa bahari unakupiga usoni. Siku moja tu inakutosha kuziona nchi mbili, na magotini hakuna maumivu.

Anayeanza atoke Chake kwenda Pujini, kama kilomita 10 upande wa kusini-mashariki. Vitabu vya watalii hukutuma huko ukaone magofu ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijiburura kwa makalio. Hadithi ni tamu kuliko magofu. Utakuta handaki lililoziba, vipande vya ukuta na kichaka, na ukitaka kufurahi ni lazima uwe na mzee wa pale wa kukusimulia. Njia yenyewe ndiyo ya kuendea: mabonde ya mpunga, migomba, watoto wa chuo na juzuu zao, na miteremko ambayo unaiachia breki bila hofu. Ngome ya Chake yenye makumbusho nayo ni ya nusu saa, siku ya mvua.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kaskazini. Lala Wete, toka alfajiri kwenda Konde, kunywa chai pale, kisha ingia msitu wa Ngezi. Baada ya jua la barabarani, kile kivuli kinakupokea kama maji ya mtungi. Pana kiingilio, lipa na uchukue mwongozaji kwa vijia vya ndani. Ukitokeza upande wa pili geukia Vumawimbi, ufukwe mrefu usio na vibanda wala muziki, halafu malizia Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, mnara wa chuma wa enzi za Waingereza. Ile hoteli maarufu ya huko yenye chumba chini ya maji iache kwa wenye fedha za kutupa. Kurudi, pitia Tumbe wakati ngalawa zinaingia, uone mnada wa samaki. Maji beba ya kutosha, kwa sababu kati ya Ngezi na mnara maduka ni ya kubahatisha.

Kati ya Chake na Wete ingia Kidike kuwaona popo wa Pemba, wakubwa, wenye manyoya mekundu, ambao duniani hawapatikani kwingine. Ila barabara hiyo uliza hali yake kabla, kwani ujenzi ukiwa umepamba moto utafika Wete ukiwa rangi ya tofali.

Adabu. Huku hupiti barazani kimya. Salamu ni lazima, na wazee utawaamkia hata kama pumzi imekata. Kwenye mteremko watakusamehe ukipiga kengele na kuinua mkono, ila kwenye mlima, unapokwenda mwendo wa kobe, huna kisingizio. Zile kaptura za kubana za waendesha baiskeli ziache nyumbani, au vaa suruali juu yake. Dada zetu waongeze kanga wakishuka. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji mbele za watu mchana, na kwa hali hiyo ni heri usije na baiskeli kabisa.

Msimu wa kuvuna karafuu utakuta majamvi yameanikwa hadi ukingoni mwa njia. Usiyakanyage, hata ukingo wake, kwa sababu ile ni ada ya shule ya mtu. Na usikubali kununua kilo mbili za zawadi kwa mtu wa njiani: karafuu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na ukikutwa nazo bandarini utaitwa mtu wa magendo. Ukitaka harufu yake, kiwanda cha mafuta ya makonyo kiko karibu na Chake.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei usijaribu. Ule udongo mwekundu ukinywa maji unashika tairi, unajaza breki, na utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Januari na Februari kuna joto, lakini ukibahatika utasikia habari za mchezo wa ng'ombe kijijini. Nenda, ila baiskeli ifungie mbali na uwanja. Ng'ombe hachagui.

Chakula hakina shida kubwa: mihogo ya nazi asubuhi, madafu njiani, pweza na mkate jioni sokoni Chake. Nyumba za wageni zipo Mkoani, Chake na Wete. Ulizia bei kwa Kiswahili kabla hujatoa kitambulisho, na omba chumba cha chini ili baiskeli ulale nayo. Siku ya mwisho nunua halua Wete, kwa wapikaji wenyewe. Ile inayouzwa bandarini Unguja kwa jina hilo hilo bei yake imepanda mara mbili na ladha imeshuka. Ifunge mbele kwenye usukani, si kwenye keria, maana mtikisiko wa nyuma unaipasua kawa na mafuta yote yanaishia kwenye mnyororo.