Haya Isikuzuie Kupima Mkojo



Dada zangu, muhula uliopita nilianza kusikia maumivu ya kuchoma kila nilipokwenda haja ndogo. Nilikuwa nikitoka darasani mara kwa mara, nikifika chooni napata matone tu. Kwa swala moja nilirudia udhu mara tatu nikihisi kuna kitu kimetoka. Mwisho nikaacha kwenda msikitini, nikawa naswali chumbani. Mimi ninayesoma mlango wa twahara nikawa sijui kama nina twahara.

Sikwenda kupima kwa sababu niliogopa kusemwa. Hosteli ukitaja ugonjwa wa mkojo, watu hufikiria zinaa. Mwenzangu wa chumba akanipa antibayotiki zilizombakia. Nilimeza siku mbili nikapata nafuu. Wiki iliyofuata maumivu yalirudi kwa nguvu zaidi.

Siku hizo tulisoma habari ya Ummu Sulaym (r.a.), aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama mwanamke akiota ndoto ya kujamiiana ni lazima aoge. Alitanguliza kusema kwamba Allah haoni haya kwa jambo la haki, naye Mtume akamjibu waziwazi: ndiyo, akiona maji. Nikajiuliza: yeye aliweza kumuuliza Mtume, mimi ninashindwa kumwambia muuguzi?

Kesho yake nikaenda kliniki. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Kutoa mkojo. Nawa mikono, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, na usiguse ndani ya kichupa. Ukabidhi maabara mapema, kwa sababu bakteria huongezeka katika mkojo uliokaa.

2. Kipimo chenyewe. Kijiti huchovywa na rangi zake hubadilika zikionyesha dalili za maambukizi, kisha mkojo huangaliwa kwa hadubini. Tatizo likijirudia, mkojo huoteshwa kwa siku 1 hadi 3 ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua. Kama umeshameza dawa, sema, maana huweza kuficha ugonjwa.

3. Chanzo. Mara nyingi ni bakteria wa utumbo, hasa E. coli. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo hata bikira hupata UTI. Baadhi ya magonjwa ya zinaa yana dalili zinazofanana na hizi, kwa hiyo usibahatishe, pima.

4. Hatari. Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, usisubiri: huenda maambukizi yamefika kwenye figo. Mjamzito naye asichelewe.

5. Swala. Kuhisi mkojo bila kutoka kitu hakuvunji udhu, kwani yakini haiondoshwi na shaka. Mkojo ukitiririka bila kuzuilika, katika madhehebu ya Shafi'i mgonjwa husubiri wakati uingie, akajisafisha, akaweka pedi, akatawadha na kuswali papo hapo. Hufanya hivyo kwa kila swala ya faradhi. Vilevile tumekatazwa kuswali huku tunazuia haja. Basi usiizuie hata kwa ajili ya mhadhara.

Majibu yalionyesha nina UTI. Nilipewa dozi, na safari hii niliimaliza yote ingawa maumivu yaliisha mapema. Alhamdulillah, nimerudi kwenye safu.

Lakini kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Vidonge vile vilimbakia mwenzangu kwa sababu naye hakumaliza dozi yake. Usiku mmoja nikamsimulia yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Dada, hiyo kliniki wanafungua saa ngapi?"

Asubuhi tulikwenda pamoja.

Allah atujaalie afya na twahara. Wabillahi tawfiq.