Makhan Singh, Mpiga Chapa wa Nairobi

Twataka kuwaeleza habari za mtu aliyeingia Kenya akiwa mgeni, nayo ikawa nchi yake. Ndiye Makhan Singh, Singasinga, aliyezaliwa mwaka 1913 huko Punjab katika Bara Hindi. Baba yake alikuwa fundi wa reli, kisha akaanzisha kazi ya kupiga chapa mjini Nairobi. Kijana alimfuata mwaka 1927, akasoma, halafu akaingia katika kazi hiyo ya baba yake.

Mwaka 1935 alifanywa katibu wa chama cha wafanya kazi wa Kihindi. Tazameni jambo lililofanyika mara: jina la Wahindi likaondolewa, mlango ukafunguliwa kwa kila mfanya kazi, wa taifa lo lote. Siku zile mishahara, shule, hata makao ya watu yalipangwa kwa rangi. Waliofaidi kwa mpango huo ni waajiri, maana mafundi waliotengwa hawagomi pamoja. Mwaka 1937 chama hicho kiligoma siku 62, kikapata saa nane za kazi kwa siku, na nyongeza ya mshahara ya 15 hata 22 katika kila mia.

Alipokwenda Bara Hindi alitiwa kifungoni mwaka 1940. Aliporudi Kenya, mwaka 1947, serikali ilijaribu kumwondosha kama mgeni asiyetakiwa, isifaulu. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanya kazi vya Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika jumba la Kaloleni, mbele ya Waafrika na Wahindi waliokutanika, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma siku tisa.

Akapelekwa katika nchi kame ya kaskazini, Lokitaung, baadaye Maralal na Dol Dol, asifunguliwe ila Oktoba 1961. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa siku ya kukamatwa kwake alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika.

Uhuru alioudai ulifika mwaka 1963, wala yeye hakupewa cheo serikalini. Alirudia karatasi alizozitunza, akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi vya Kenya, iliyotolewa mwaka 1969. Alikufa mwaka 1973.