Kifafa Kisichosikia Dawa: Uchunguzi wa Vipande vya Ubongo

Kifafa hutokea pale seli nyingi za neva ubongoni zinapotoa mipigo ya umeme kwa pamoja na kwa ghafla. Si pepo wala uchawi, na povu la mgonjwa haliambukizi. Jambo hili mwalimu hana budi kulirudia darasani mara nyingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana ugonjwa huu. Wengi hupata nafuu wakitumia dawa ipasavyo, lakini takriban theluthi moja huendelea kupatwa na mishtuko hata baada ya kupewa dawa mbili zilizochaguliwa vyema. Hao ndio ambao kifafa chao husemwa kuwa hakisikii dawa. (Mgonjwa anayeanguka kwa sababu zahanati imeishiwa na vidonge si wa kundi hili.)

Kwa baadhi yao chanzo kimo mahali pamoja, aghalabu katika sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, penye umbo lililojikunja liitwalo hipokampasi. Mahali hapo huweza kukatwa na kuondolewa. Jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 liliwahusisha wagonjwa 80: baada ya mwaka mmoja, 58 katika kila 100 wa kundi la upasuaji hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu, ilhali katika kundi la dawa peke yake walikuwa 8 tu.

Kipande kilichoondolewa, mgonjwa akiridhia, hupelekwa maabara upesi. Hutiwa katika maji baridi yenye chumvi na glukosi, yanayopulizwa oksijeni, kisha hukatwa vipande vyembamba vya unene usiofika nusu milimita ili oksijeni ipenye hadi katikati. Vikitunzwa hivyo, seli hubaki hai kwa saa kadhaa, na mtafiti huweza kuchoma seli moja kwa sindano ya kioo na kupima volti zake.

Mwaka 2002 watafiti wa Paris waliona ajabu. Vipande vya wagonjwa vilitoa mipigo ya umeme vyenyewe, pasipo kuchochewa, nayo ilifanana na ile inayorekodiwa kichwani mwa mgonjwa kati ya mshtuko na mshtuko. Tena haikuanzia pale seli nyingi zilipokuwa zimekufa, bali katika eneo jirani liitwalo subikulamu. Lililoshangaza zaidi ni hili: walipoizuia GABA, ambayo ni kemikali ya kutuliza seli, mipigo ilikoma. Katika ubongo wenye afya, kuizuia GABA huchochea mishtuko. Ilikuwaje breki igeuke kuwa kichapuzi?

Jibu limo katika ioni za kloridi. Seli ya neva iliyotulia ina takriban milivolti 70 hasi upande wa ndani. GABA hufungua vijia vya kloridi katika utando wa seli. Kwa kawaida kloridi ni chache ndani, kwa sababu protini iitwayo KCC2 huzitoa nje pamoja na potasiamu. Hivyo vijia vikifunguka, ioni hizo hasi huingia, na seli huzidi kutulia. KCC2 ikikosekana, kloridi hujazana ndani. Vijia vikifunguka sasa, hasi hutoka, volti hupanda, na seli huweza kufyatuka. Mwaka 2007 watafiti hao walionyesha kuwa KCC2 haikuonekana katika sehemu ya seli za subikulamu ya wagonjwa, na kwamba bumetanidi, dawa ya zamani ya kuongeza mkojo ambayo huzuia kloridi kuingizwa ndani ya seli, ilipunguza mipigo katika vipande vile.

Matumaini yalikuwa makubwa, pengine kupita kiasi. Jaribio la bumetanidi kwa watoto wachanga wenye mishtuko, lililochapishwa mwaka 2015, lilisimamishwa kabla ya wakati: manufaa hayakuonekana, na baadhi ya watoto walipungukiwa na uwezo wa kusikia. Dawa hiyo hupenya kwa shida kutoka kwenye damu hadi ubongoni, kikwazo ambacho kipande kilicholala ndani ya chombo hakina.

Upo ugumu mwingine. Hakuna daktari awezaye kumkata mtu mzima wa afya ubongo ili apate kipande cha kulinganishia. Watafiti hulazimika kutumia tishu zilizoondolewa pembezoni mwa uvimbe, au za marehemu, au za panya, na kila moja ina kasoro yake.