Klasta Inasema Huduma Imekufa, Nawe Unaiona Hai

Ukifunga seva mbili pamoja ili moja ikizimika nyingine ipokee kazi, umeunda klasta. Kwenye Linux, klasta nyingi huendeshwa na programu mbili: Corosync, inayoziwezesha seva kupashana habari, na Pacemaker, inayoamua huduma ipi ikae seva gani. Pacemaker yenyewe haina macho. Kila baada ya sekunde kadhaa humtuma wakala, yaani faili dogo la amri, akaijulie hali huduma. Wakala akirudi na jibu baya, huduma husimamishwa na kuwashwa upya, au huhamishiwa seva ya pili.

Usiku mmoja nilipigiwa simu kwamba tovuti ya ofisi fulani inapotea na kurudi. Nikaifungua kwenye simu yangu. Ikafunguka, kwa kujikokota. Baada ya muda mfupi haipo, kisha ipo tena. Apache, programu inayohudumia tovuti, haikuwa na ugonjwa wowote. Klasta ndiyo iliyokuwa ikiiua na kuifufua.

Uanzie wapi? Ingia kwenye seva mojawapo, andika `sudo crm_mon -1 -f`, usome sehemu ya chini inayoorodhesha kazi zilizoshindwa. Usikimbilie `pcs resource cleanup`. Amri hiyo hufuta orodha hiyo pamoja na hesabu ya makosa, nayo ndiyo ushahidi wako. Inakili kwanza.

Utakuta kitu kama `Tovuti_monitor_30000`. Tovuti ni jina ulilolipa huduma, monitor ni ukaguzi, na 30000 ni milisekunde, yaani ukaguzi hurudiwa kila sekunde 30. Ukikuta `monitor_0`, huo ni ukaguzi wa mwanzo: Pacemaker inapitia seva zote, hata zisizoendesha huduma hiyo, kuhakikisha haijawashwa mahali ambapo haitakiwi. Kwa hiyo usishangae seva ya pili ikilalamika wakati huduma iko kwenye ile ya kwanza.

Kisha tazama namba ya jibu. Namba 7 maana yake huduma haijawashwa kabisa. Hapo soma logi za huduma yenyewe, si za klasta. Namba 5 ni kwamba programu fulani haijasakinishwa kwenye seva hiyo, na 6 ni mipangilio yenye kasoro. Namba 1 ndiyo yenye utata, kwani husema tu kwamba kuna kosa. Tena pengine hakuna jibu lolote, ila taarifa kwamba muda wa kusubiri umekwisha.

Ukipata 1, mfuate wakala nyuma. Kwenye seva inayoendesha huduma, andika `sudo pcs resource debug-monitor Tovuti --full` umwone akifanya kazi hatua kwa hatua. Kama mfumo wako hauna pcs, `sudo crm_resource -r Tovuti --force-check -V` itakufaa. Wakala wa Apache, kwa mfano, kwa kawaida hufungua ukurasa wa hali uitwao `server-status` humo humo ndani ya seva. Ukurasa huo usipowezeshwa, wakala hutangaza msiba ilhali wageni wanaendelea kuisoma tovuti. Jaribu mwenyewe: `curl http://localhost/server-status`. Likija jibu 403, umekatazwa kuingia. Mara nyingi chanzo ni kwamba aliyeweka ruhusa aliandika 127.0.0.1 peke yake, kumbe jina localhost limeelekezwa kwenye `::1`, anwani ya aina mpya ya seva hiyo hiyo. Weka `Require local` kwenye mipangilio ya ukurasa huo, nayo itaruhusu zote mbili. Fanya hivyo kwenye kila seva.

Na muda ukiisha? Usipoupanga, Pacemaker humsubiri wakala sekunde 20 tu. Ile tovuti niliyoitiwa ilikuwa ikinakili data zake zote saa nane usiku. Diski ikalemewa, majibu yakachelewa kupita sekunde 20, klasta ikaamua Apache imekufa. Tulihamisha unakilishaji kwenye seva nyingine, kisha tukaongeza muda: `sudo pcs resource update Tovuti op monitor interval=30s timeout=60s`. Mimi huanza na chanzo. Ukiongeza muda peke yake na kumbe diski inakufa, utakuwa umemziba mlinzi mdomo.

Kuna kosa jingine ninalolikuta mara kwa mara: huduma imeachwa ijiwashe yenyewe seva inapowaka, huku klasta nayo inaidai. Wenye mamlaka wakiwa wawili, ukaguzi huvurugika. Andika `sudo systemctl disable httpd`, au `apache2` kama unatumia Debian au Ubuntu.

Gharama? Pacemaker ni ya bure, na kwenye Debian au AlmaLinux huilipii chochote. Red Hat na SUSE hudai usajili wa kulipia kwa sehemu ya klasta, nao huja na mafundi wa kukusaidia. Kabla ya kugusa seva ya kazini, jizoeze kwenye kompyuta yako kwa VirtualBox: mashine mbili za kubuni, kila moja na GB 2 za kumbukumbu, zinatosha.

Unapotengeneza seva zenye watumiaji, kwanza izuie klasta isiingilie: `sudo pcs property set maintenance-mode=true`. Ukimaliza, endesha tena ukaguzi kwa mkono. Ukirudi na 0, sasa futa makosa kwa `sudo pcs resource cleanup Tovuti`, kisha rudia ile amri ya `maintenance-mode` ukiweka `false`. Usipoirudia, hakuna huduma itakayokaguliwa wala kuhamishwa, na `crm_mon` ya kesho haitaorodhesha kosa jipya hata huduma ikifa.