Ukubwa wa Tangi la Kitatange: Mwongozo kwa Watunza Matangi ya Maji ya Bahari

Mwongozo huu unamhusu fundi au mtunzaji aliyeagizwa kuweka vitatange hotelini, ofisini au dukani.

Kabla ya kukata kioo, muulize mwenye mali anataka kitatange yupi. Tangi hupimwa kwa samaki aliyekomaa, si kwa mtoto anayeletwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chaetodon auriga, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu hadi pwani yetu, hufikia sentimita 23. Chaetodon kleinii huishia karibu na 15. Chaetodon lineolatus hufika 30. Huyo aachiwe wenye matangi ya maonyesho.

Kwa kleinii mmoja, usishuke chini ya lita 300 na urefu wa sentimita 120. Kwa auriga, anzia lita 500 na sentimita 180. Urefu una umuhimu zaidi kuliko kimo, kwa kuwa kitatange hushinda kutwa akizunguka miamba na kudonoa. Tangi jembamba lililosimama kama nguzo hupendeza mapokezi, lakini humnyima samaki njia.

Hesabu ni hii: zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, vipimo vya ndani, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 180 kwa 60 kwa 50 hutoa lita 540. Mawe yakiingia, maji hupungua, nayo lita za kwenye karatasi si lita za samaki. Maji hayo peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 550, bila kioo, mawe wala meza. Ikiwa ni ghorofani, mhandisi wa jengo akague sakafu kwanza.

Usichanganye vitatange wawili wanaofanana, maana hupigana. Lakini kitatange Heniochus diphreutes huishi kwa makundi, hivyo ukitaka kuwaweka kadhaa, ongeza nafasi.

Wapo ambao ukubwa wa tangi hauwasaidii kabisa. Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri hutegemea matumbawe hai kwa chakula. Ndani ya lita 2,000 zenye maji safi bado wengi hukonda na kufa. Oda ya samaki hao ikataliwe, hata mteja akiwa tayari kulipa. Na ikiwa nafasi iliyopo haifiki sentimita 120, mpendekezee samaki mdogo kama Amphiprion ocellaris, anayetosheka na lita 100.