Pakua na Sahani Yako, Mdogo Wangu

Wadogo zangu wa Bukoba na Muleba, wengi wenu mnanieleza jambo moja kwa maneno tofauti. Mwalimu wa Kamachumu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Muuza dagaa wa Kemondo anarudi nyumbani giza limeshaingia. Mwenye duka pale Soko Kuu la Bukoba anakaa kwenye kiti kutwa nzima, miguu inavimba. Wote wanasema, "Dada, sina muda wa kujitunza." Nawaelewa, na leo sitawapa ratiba ya mazoezi wala orodha ya vyakula vya kupunguza tumbo. Nataka tuongee kwanza kuhusu upakuaji wa chakula nyumbani kwako.

Chungu cha ndizi na maharage kinaepuliwa jioni, majani ya mgomba yanafunuliwa, mvuke unajaa jikoni. Sahani ya baba inatangulia, na kipande cha sato kilichonona kimo humo. Mgeni akiwepo naye anapata chake. Watoto wanawekewa sinia. Mama anabaki na ndizi zilizogandia chini, mchuzi kidogo na kikombe cha chai ya kusukumia. Anakula amesimama, mkono mmoja tayari unakusanya vyombo. Hakuna aliyemwambia ale hivyo. Ndivyo alivyomwona mama yake akila, na binti yake anayesubiri kuosha masufuria anamtazama yeye.

Tabia hii ina mizizi mirefu kwetu. Wazee wa Buhaya wanasimulia kwamba zamani wanawake na watoto ndio waliowakamata senene, wanawake wakawanyonyoa mabawa na kuwakaanga, lakini mwanamke kuwala ilikuwa mwiko. Mwiko ule umekufa. Siku hizi msimu ukifika mwezi wa kumi na moja, kila mtu anatafuna, mwanamke kwa mwanamume. Kilichobaki ni mazoea ya kuandaa kizuri kisha kukisogezea wengine, na mazoea hayo yanatunyonya damu.

Sisemi damu kwa mafumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini kwetu wanawake wapatao 4 katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Ukimwona mama anapanda kilima cha kwao akisimama kila hatua chache, moyo unadunda, kichwa kinazunguka, viganja vimepauka, usimwambie ni uzee. Inawezekana ana miaka 32 na damu haimtoshi.

Ndizi zetu ni chakula chema, zinatia nguvu na zina potasiamu nyingi. Lakini madini ya chuma na protini ndani yake ni kidogo. Waliotutangulia walijua walichofanya walipozipika pamoja na maharage, kwa hiyo mama anayekula ndizi akawaachia wengine maharage amejinyima nusu ya mlo yenye kujenga mwili. Pakua maharage yako. Weka na dagaa. Ziwa liko mbele yetu na dagaa kiganja kimoja hawamfilisi mtu. Weka mchicha. Malizia na kipande cha papai, chungwa au pera, maana vitamini C iliyomo inausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Na hapa lazima niwaguse penye utamu: kahawa na chai zinazuia chuma kufyonzwa zikinywewa pamoja na chakula. Sisi ni watu wa kahawa, sitawaambia muiache. Isogezeni mbele saa moja au zaidi baada ya kula.

Kuhusu mazoezi, ushauri unategemea maisha ya mtu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za kutembea kwa kasi, au shughuli nyingine ya namna hiyo, kwa wiki. Wewe wa dukani na wewe wa ofisini zinakuhusu. Shuka kwenye bodaboda mapema, tembea kipande cha mwisho. Jumapili nenda na watoto ufukweni Bunena mkatembee hadi jasho litoke. Lakini mama wa Muleba aliyebeba mkungu kichwani, akalima, akachota maji na kupanda mlima mara tatu, dakika zake amezimaliza kabla ya saa sita mchana. Huyo anahitaji kukaa chini. Kumpa mazoezi ya kuruka kamba ni kumwonea.

Naye atakaaje chini na kazi zote ni zake? Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Chukua kazi ya kumenya ndizi peke yake. Unakaa kwenye kigoda, kisu mkononi, beseni la maji pembeni, utomvu unakuganda vidoleni hadi kucha zinakuwa nyeusi, na familia ya watu saba haishibi kwa ndizi chache. Mvulana wako wa miaka kumi na mbili ana mikono miwili. Mfundishe. Mwanzoni atamenya vibaya, atapoteza nyama ya ndizi kwenye maganda, mvumilie. Baba watoto naye mwambie kwa lugha ya upole, siku ambayo ametulia, sio siku unayofoka: "Baba Fulani, nimechoka, naomba jioni watoto uwaogeshe wewe." Wanaume wengi wa kwetu hawajawahi kuombwa waziwazi. Tumekuwa tukinuna na kugonganisha sufuria tukidhani wataelewa.

Najua kwa nini kuomba kunatuwia vigumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilituachia yatima wengi sana. Wengi wetu tulilelewa na bibi. Bibi waliozika watoto wao, wakaanza kulea upya wakiwa na migongo iliyopinda, na hawakuwa na wa kumwambia "nisaidie". Tukajifunza kwao kwamba mwanamke wa maana hasemi amechoka. Nawaheshimu bibi zetu kupita ninavyoweza kueleza. Lakini wao walibeba peke yao kwa sababu waliobaki walikuwa wachache. Wewe nyumba yako imejaa watu.

Usingizi nao umewatoroka wengi, na nikiuliza sana nasikia habari za mikopo ya kausha damu. Umekopa hapa kulipa pale, marejesho ni kila wiki, usiku unahesabu mabati ya paa. Hakuna dawa ya usingizi inayotibu deni. Kaeni wachache mnaoaminiana, anzisheni kikoba chenu, kila mtu akope kulingana na akiba yake. Na mumeo alijue deni. Siri ya deni ndiyo inayopandisha presha.

Mlioajiriwa, haki zenu zidaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 ukijifungua mapacha. Ukirudi kazini unanyonyesha, mwajiri anapaswa kukupa nafasi ya kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawaziombi hizo saa kwa kuogopa kuonekana wavivu.

Halafu kuna kliniki. Mtoto hukosi kumpeleka hata mvua inyeshe. Wewe mara ya mwisho ulipimwa presha lini? Wingi wa damu? Ukiwa na miaka 30 na kuendelea, kachunguzwe mlango wa kizazi. Mhudumu anapaka siki, anaangalia, na majibu unaondoka nayo siku hiyohiyo. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uliza siku ya huduma. Anayeishi na VVU anatakiwa aanze mapema zaidi. Na ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, usisubiri tarehe yoyote, nenda kesho.

Nimalizie na Desemba, maana hapo ndipo kina mama wa Kagera wanapoangukia. Ndugu wote wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza kula Krismasi, nyumba inafurika, na mama mwenye nyumba anaimalizia sikukuu jikoni, anaumwa mgongo hadi Januari. Mwaka huu wakipiga simu kusema tunakuja, wajibu kwa furaha, kisha wagawie kazi hapohapo kwenye simu: nani atanunua samaki, nani atamenya, nani ataosha vyombo. Wifi na mashemeji wote waingie kwenye orodha. Nawe chakula kikiiva, kaa nao, sahani yako iwe na kila kilichopikwa.